Scampi za baa Uingereza: tunauziwa makombo yaliyofinyangwa kwa bei ya mkia mzima

Wakuu, salaam. Hasira hizi ninazo tangu Jumamosi, na nisipozimwagia hapa zitaniua.

Mama mkwe wangu amekuja kututembelea Northampton kutoka Tanga. Mama wa Chumbageni huyo, kamba kaanza kuwamenya mimi sijazaliwa. Nikasema nimpeleke kwenye baa moja ya jirani yenye sehemu ya familia (jina naliacha) akaonje scampi, ile mikia ya baharini inayovishwa chenga za mkate na kukaangwa. Njia nzima namsifia: "Mama, huyu si kamba, ni ukoo wa kambakochi, ila kadogo." Pauni 15 na peni 50, sahani moja.

Sahani ikaja: vidonge kumi vya rangi ya dhahabu, chipsi, njegere, kipande cha limau na ile sosi nyeupe yenye achari. Mama akatafuna kimoja, kimya. Akatafuna cha pili. Kisha akaniuliza kwa upole, "Baba Zuhura, mdudu wenu huyu hana nyuzi?"

Nikapasua kimoja kwa uma. Mkia wa kamba yeyote ukiupasua unaona nyama imejipanga nyuzi nyuzi, inaachia kwa pingili. Humu hamna. Kitu cha kijivu kilichoshikana kama ugali uliolala, maji yanachuruzika. Na vyote kumi saizi moja, duara moja, utadhani vitumbua. Nani kaona mikia kumi ya viumbe vya baharini ikalingana hivyo?

Nikamwita mhudumu. "Ni scampi, bwana." Nikaomba kuliona boksi. Meneja akalileta mwenyewe kwa kujiamini, boksi likamuumbua: mbele SCAMPI kwa herufi kubwa, nyuma kwa herufi za kuumiza macho kwamba ni vipande vya mikia vilivyounganishwa, halafu maji, halafu fosfati za kuyazuia maji yasitoke. Menyu yao ina neno moja tu: scampi.

Kwa wasiomjua, mnyama mwenyewe ni Nephrops norvegicus. Wafaransa wanamwita langoustine. Waitaliano ndio wenye neno, mmoja scampo, wengi scampi. Ana rangi ya chungwa hata kabla hajapikwa, magando marefu membamba, na anachimba shimo lake kwenye tope la chini ya bahari, kuanzia Iceland na Norway hadi Morocco na Mediterania. Nilivyomwambia mama sikukosea sana, ila ukoo wake ni wa yule kambakochi wa Ulaya mwenye magando makubwa, si huyu wetu asiye nayo.

Scotland wanavuliwa wengi mno. Wakubwa wanapakiwa wakiwa hai, wanakwenda kuliwa Hispania na Ufaransa. Wadogo wananyofolewa vichwa humohumo chomboni, na mikia ndiyo inayokwenda kiwandani kuvishwa chenga za mkate. Hapo sina ugomvi, mkia mdogo ni mkia. Ugomvi wangu ni hivi vilivyokatikakatika: vinakusanywa, vinatiwa maji, vinafinyangwa, vinagandishwa, kisha vinavishwa chenga zilezile. Kwa macho huwezi kuvijua mpaka ung'ate.

Na msiniambie sheria haipo. Jina scampi nchi hii limetengwa kwa mnyama huyu, maana zamani wajanja walikuwa wakikata minofu ya samaki mwingine kabisa, monkfish, wanaivisha chenga na kuiuza kwa jina hilo. Na kama ni vipande vilivyounganishwa, mteja anapaswa kuambiwa. Boksi limesema, tena kwa aibu. Menyu imekula jiwe.

Meneja eti "wateja wengine hawajawahi kulalamika". Akatupunguzia pauni 3. Pauni tatu, wakuu! Mbele ya mama mkwe! Boksi nimelipiga picha pande zote, menyu pia, na Jumatatu zinakwenda kwa maofisa wa biashara wa halmashauri.

NYONGEZA: Mkuu wa Houston, Marekani, nimekusoma. Huko kwenu scampi ni kamba wa kawaida waliopikwa kwa siagi, kitunguu saumu na divai nyeupe. Neno limegeuka jina la mapishi. Sawa, lakini wewe kamba unaletewa mzima, unamwona. Usinivurugie uzi. Na wewe uliyeandika "kamba ni kamba, kula unyamaze", njoo Northampton nikununulie sahani.

Mama anaondoka tarehe 22. Aliyeko huku au Milton Keynes, anayejua duka la samaki linalouza hawa viumbe na magamba yao, hata waliogandishwa, anitajie. Mama kasema atawapika mwenyewe kwa nazi, ila kwanza anataka kuviona vichwa.