Omaha hadi Scottsbluff kwa siku tano: tupite wapi?

MamaZuhura

Habarini wapendwa. Mimi na mume wangu tuna mwaka wa sita hapa Omaha, na Nebraska yote tunaijua kupitia dirisha la gari likienda mbio barabara kuu ya I-80. Juni hii tumepata siku tano, watoto watabaki kwa dada yangu. Mume anataka kuona miamba ya Chimney Rock na Scotts Bluff. Kwa I-80 tunafika siku hiyohiyo, kama saa saba za kuendesha. Mimi ninachotaka ni njia yenyewe: tuzungumze, tusimame tunapopenda, tulale mji mdogo. Kazini wananiambia huko katikati hakuna kitu. Ni kweli? Na tukiwa weusi wawili tu, tutapokelewaje?

BabaLori

Dada, salaam. "Hakuna kitu" ni neno la mtu aliyepita I-80. Hata mimi nililisema, maana nimeendesha lori kwenye barabara ile miaka kumi na mmoja. Inafuata bonde la mto Platte, mahindi kushoto, mahindi kulia. Nyie mkifika Grand Island tokeni, mshike barabara ya 2 ya Nebraska. Toka hapo mpaka Alliance, mji ulio njiani kwenda Scottsbluff, ni maili 272, kama kilomita 438, na mkishaipita Broken Bow mnaanza kuingia Sandhills.

Ni vilima vya mchanga, mchanga kweli kama wa pwani, ila umefunikwa majani. Vinachukua karibu robo ya jimbo zima. Majani yakiondolewa, upepo unaubeba mchanga, ndiyo maana sehemu kubwa hailimwi, watu wanafuga ng'ombe. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja kwenye hazina ya maji ya Ogallala chini ya ardhi, na penye bonde la kutosha maji hujitokeza yenyewe, unakuta viziwa vidogo katikati ya nyasi. Mwezi wa sita kote ni kijani. Mke wangu aliniomba nizime injini. Tukakaa pembeni mwa barabara, yeye na chupa yake ya chai, tunasikiliza kinu cha upepo kikivuta maji ya ng'ombe. Tuna miaka ishirini na miwili ya ndoa, na sikumbuki lini tulikaa robo saa nzima bila mmoja wetu kushika simu. Mtandao haukuwepo, kwa hiyo pakueni ramani mkiwa bado nyumbani.

Reli inakwenda sambamba na barabara. Treni za makaa ya mawe kutoka Wyoming hupita hapo, na nyingi zinazidi maili moja kwa urefu. Mke wangu alianza kuhesabu mabehewa, akapoteza hesabu baada ya mia. Na mkipishana na pikapu, dereva atainua kidole kimoja au viwili bila kuuachia usukani. Ni salamu, itikieni.

Kuhusu kupokelewa, nakueleza yaliyotukuta sisi, siwezi kukuahidi kwamba yatakuwa hivyo kwenu. Tulipoingia mgahawani watu waligeuka, kama wanavyogeuka mahali ambapo wote wanajuana. Kisha mzee wa meza ya jirani akatuuliza tunaelekea wapi, na tulipomaliza kula alikuwa ametuchorea kwenye karatasi njia ya kushukia mtoni.

Kuna jambo moja ambalo miaka yote ya lori sikulijua, nami naomba msilipite. Mkifika Thedford, pandeni kaskazini kwa barabara ya 83, mtakuta kibao cha kumbukumbu ya kijiji cha DeWitty. Familia za wakulima weusi zilianza kuhamia huko 1907. Sheria ya Kinkaid ya 1904 iliruhusu ekari 640 kwa mlowezi, badala ya 160 za sheria ya ugawaji ardhi ya 1862, kwa sababu kwenye mchanga ule ekari 160 hazikuweza kulisha familia. Walijenga nyumba za mabonge ya udongo uliokatwa pamoja na mizizi ya majani, wakawa na shule na kanisa. Leo unaona nyasi tu. Mke wangu alikisoma kibao kwa sauti mpaka mwisho, akakirudia tena. Niliona haya kuwa historia ya watu hawa ilikuwa kaskazini yangu wakati wote ule nami sijawahi kuiulizia.

Tangi lisishuke chini ya nusu mkishatoka Broken Bow. Msivuke uzio wowote, ni ardhi ya watu. Alliance kuna Carhenge, magari yaliyosimamishwa 1987 kwa mfano wa Stonehenge, lile duara la mawe la kale la Uingereza. Nusu saa inatosha.

Nyasi_Ndefu

Naongeza la hali ya hewa. Juni ni msimu wa radi, mvua ya mawe na vimbunga vya tornado, mara nyingi kuanzia alasiri. Tahadhari redioni hutolewa kwa majina ya kaunti, na mgeni hajui yuko kaunti ipi. Andikeni kwa mpangilio, kuanzia Thedford kwenda magharibi: Thomas, Hooker, Grant, Sheridan, Box Butte. Muwe mnavisoma vibao mnapovuka. Kikija kimbunga msijifiche chini ya daraja, upepo hapo huwa mkali zaidi.

Na mkiguswa na DeWitty, safari nyingine shukeni Kansas, barabara ya 24, mpaka Nicodemus. Mji huo ulianzishwa 1877 na watu waliotoka utumwani Kentucky, na bado una wakazi. Kila mwisho wa Julai wajukuu wao hurudi kusherehekea.

MamaZuhura

Nimemsomea mume wangu yote haya, ameniomba nirudie pale pa DeWitty. Basi, tunapita barabara ya 2. Usiku wa pili tumepata chumba Mullen, wamesema mapokezi yanafungwa saa 2 usiku. Kaka, tukitoka kwenye kibao tukarudi Thedford jioni, tutawahi?

BabaLori

Mtawahi. Thedford na Mullen hazifuati saa ileile: mkivuka kuingia kaunti ya Hooker, saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Hata mkiondoka Thedford saa 2 kamili usiku kwa saa ya pale, Mullen mtafika kama saa moja na nusu usiku kwa saa ya huko, na mwezi wa sita jua litakuwa bado halijazama. Msichelewe zaidi ya hapo tu, kwa sababu giza likianza kuingia paa huvuka barabara.