Mjadala: Jedwali la namba "zilizolala" linauzwa kwa vijana wetu. Ni elimu au ni dhulma?

Mwalimu wa Hisabati, Chake Chake

Assalamu alaykum wana baraza. Msimu wa karafuu ukianza na vijana wakishika pesa za kuchuma, kwenye simu zao huanza kuzunguka majedwali ya namba za bahati nasibu za nje. Hii imetoka mara 145, hii mara 100 tu, basi hii imelala, iwekee pesa. Na jedwali lenyewe linauzwa. Msimamo wangu: kuliuza kama utabiri ni kumdhulumu mtu, na sheria ikataze hilo wazi. Lakini hesabu za namba zilizotoka zisifichwe, ziwe wazi kwa kila mtu, na watoto wafundishwe skuli namna ya kuzisoma.

Chukueni mchezo wa namba 6 katika 49, kama walivyoanza nao Uingereza Novemba 1994. Kwa droo 1,000, kila namba hutegemewa kutoka mara 122 hivi. Hutegemewa tu, kwa sababu mpishano wa kawaida ni kama mara 10 juu au chini, na kwa kuwa namba ni 49, lazima iwepo moja itakayokaribia 145 na nyengine itakayobaki kwenye 100, bila ya mkono wa mtu. Hilo jedwali linalouzwa kama ajabu ndilo tunalolitarajia kwa mashine safi. Zingetoka zote mara 122 au 123 tu, hapo ningeomba mashine ifunguliwe.

Mchumaji, Konde

Mwalimu, sikubali. Sisi tunaishi na mikarafuu. Mwaka wa mzao mkubwa ukipita, unaofuata huwa mdogo, kila kitu kina zamu yake. Namba iliyokaa droo 50 haijatoka, vipi nafasi yake iwe sawa na iliyotoka juzi? Na nyinyi wenyewe mnafundisha kuwa mwisho wake hesabu hukaa sawa.

Mwalimu wa Hisabati

Ndugu yangu, hoja ya mkarafuu ni nzito, ndiyo maana sitaipita haraka. Mti unakumbuka. Ukizaa sana umetumia nguvu zake, lazima upumzike. Mpira wa droo haukutumia chochote. Unarudishwa ndani na wenzake, uzito ule ule, na mashine haijui kilichotoka wiki iliyopita.

Ama hilo la hesabu kukaa sawa, watu wengi wanateleza hapo, na wauzaji wanalijua. Alichothibitisha mwanahisabati wa Uswisi, Jacob Bernoulli, katika kitabu kilichochapishwa 1713, ni kuwa kiwango cha kutoka, ukikipima kwa asilimia, hukaribia pale kinapostahili kadiri droo zinavyozidi. Hakusema kuwa namba iliyobaki nyuma italipwa deni lake. Katika droo 100 namba hutegemewa kutoka mara 12, ikipishana kwa 3 hivi. Katika droo 10,000 hutegemewa mara 1,224, ikipishana kwa 33 hivi. Pengo limekua! Kwa asilimia tu ndiyo limeshuka, kutoka kama asilimia 27 hadi chini ya asilimia 3.

Italia wameyaona haya kwa machozi. Kwenye droo ya Venice hutolewa namba 5 katika 90, kwa hiyo kila namba ina nafasi 1 katika 18. Namba 53 ilikaa droo 182 haijatoka. Watu waliiwekea zaidi ya yuro bilioni 3, kila ilipochelewa wakiongeza, familia zikafilisika, na wapo waliojiua. Ilitoka Februari 2005. Siku ile nafasi yake ilikuwa 1 katika 18, kama siku ya kwanza. Mtu atasema kukosa droo 182 mfululizo ni muujiza. Kwa namba moja uliyoichagua mapema ni kama 1 katika 33,000, kweli, lakini walikuwa na namba 90 kwa miji 10, mwaka baada ya mwaka. Mahali fulani lazima itokee.

Bi Mshoni, Mwanakwerekwe

Mwalimu, unazungumza kama mashine zote ni safi. Pennsylvania, Marekani, mwaka 1980, kwenye droo ya tarakimu tatu, mipira ilidungwa rangi ili iwe mizito, isipokuwa 4 na 6, ikatoka 666. Aliyehusika alikuwa mtangazaji wa droo yenyewe. Kwa hivyo mtu akiangalia namba zipi zinatoka sana, ana haki.

Mwalimu wa Hisabati

Haki anayo, Bi, na ndiyo sababu nataka hesabu ziwe wazi. Jedwali linapima mashine; ikizidi kupendelea namba moja kwa miaka, wakaguzi waijue. Ila hata hapo lina mipaka. Wizi wa Pennsylvania ulikuwa wa droo moja, na jedwali lisingeuonesha. Eddie Tipton, aliyekuwa akisimamia usalama wa programu za bahati nasibu hukohuko Marekani, aliiharibu programu ili namba zitabirike kwa tarehe chache tu za mwaka. Kwa hiyo mashine nayo ikaguliwe, tusitosheke na karatasi.

Ustadhi, Mtambile

Haya yote ya nini? Al-Maida aya ya 90 imeshakata shauri, maysir, yaani kamari, ni uchafu katika kazi ya shetani. Ukimfundisha kijana jedwali unamfundisha acheze vizuri zaidi.

Mwalimu wa Hisabati

Hukumu ya maysir siigusi, Ustadhi, na wala sina la kuongeza juu yake. Lakini kijana huyo ameisoma aya tangu chuoni na bado anaweka pesa, kwa sababu muuzaji anamwambia: hii si kamari, ni hisabati. Uongo huo umevaa jina la somo langu. Nikinyamaza mimi, nani ataukanusha darasani?

Kijana, Mkoani

Basi hakuna namba bora hata moja?

Mwalimu wa Hisabati

Katika kutoka, hakuna. Katika kugawana zawadi, tofauti ipo. Afrika Kusini, Disemba 2020, zilitoka 5, 6, 7, 8, 9 na 10. Nafasi ya mfuatano huo ilikuwa sawa na wa mwengine wowote, lakini watu 20 walikuwa wameuchagua, zawadi ikakatwa vipande 20. Jedwali wanalokuuzia halikwambii hata hilo.

Mchumaji, Konde

La zamu bado hujanitoa shaka. Lakini nataka kujua: aliyeniuzia jedwali msimu uliopita aliniahidi kwa maandishi kuwa namba ile itatoka ndani ya mwezi. Nidai wapi?

Mwalimu wa Hisabati

Usiufute ujumbe wake wala ule wa malipo. Nenda navyo kwa sheha wako, kisha kituo cha polisi, na uwaoneshe ile ahadi, maana mashitaka yako yamo humo. Wengine mlioahidiwa hivyo kwa maandishi, leteni hapa, majina yafichwe.