Malindi kuteremkiwa na 767: haja au tamaa?

Fundi wa ndege mstaafu, Shella: Kila kampeni ikija twaahidiwa njia ya ndege irefushwe, Waitaliano watue hapa hapa badala ya Mombasa. Mimi napinga. Njia yetu ni mita 1,400 hivi, yatosha zile ndege ndogo za Dash 8 za Nairobi. Sasa chukueni Boeing 767, ambayo kwa wenzake wenye mwili mpana ni ya kati tu. Iliruka mara ya kwanza 1981, ikaanza kubeba abiria 1982. Walioichora walikuwa na akili: viti 7 kwa safu, 2-3-2, kwa hivyo anayebanwa katikati ni mmoja tu. Marubani wawili, mhandisi wa safari akaondolewa chumba cha marubani. Lakini 767-300ER, ile ya safari ndefu, ikijaa abiria na lita 90,000 za mafuta hufika tani 187, na kwa joto letu hili haiondoki bila zaidi ya mita 2,400. Watu hufikiria kutua. Kuondoka ndiko kwenye kazi.

Dereva wa teksi, Barani: Mzee wangu, shikamoo. Ila wewe hukai Mtwapa kwenye foleni na mgeni. Juzi nilimchukua mama na watoto wawili Mombasa usiku. Kilomita 120, mwendo wa saa tatu na ushei. Mdogo alitapika mara mbili, kisha akalala juu ya begi. Na hiyo 767 si wewe uliyenisimulia kwamba ndege za injini mbili hazikuruhusiwa kwenda mbali na uwanja zaidi ya saa moja, mpaka 1985 ikapewa dakika 120, ikavuka Atlantiki? Nayo iliambiwa haiwezi.

Muuza vitenge, jirani wa uwanja: Nyinyi mwapigania ndege, mimi nauliza hizo mita elfu zaidi zitapita wapi. Nyuma ya ukuta kuna nyumba, minazi, na makaburi ya wazee wetu. Fidia kwanza, halafu mnihesabie injini.

Fundi mstaafu: Marahaba, mwanangu. Bibi hapo juu ana haki, nilisahau makaburi. Lakini 767 ilipewa zile dakika baada ya kupimwa, si jukwaani. Nami nataka kipimo: zitakuja ndege ngapi kwa wiki? Na mwezi wa sita, kusi ikivuma na hoteli nusu zimefungwa, lami yote hiyo tutaanikia mihogo?