Mrejesho: kunyonya mafuta ya tumbo

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama kunyonya mafuta (liposuction, upasuaji wa kuvuta mafuta ya mwilini kwa mrija) kutaondoa hili tumbo lililogoma tangu nijifungue. Nimeshaonana na daktari hapa Tabora. Alilifinya kwa vidole viwili: "Haya ya chini ya ngozi ndiyo yananyonyeka. Yanayozunguka utumbo, mrija haufiki huko." Tena si njia ya kupunguza kilo, kwa kawaida hawavuki lita 5 kwa mara moja, halafu unavaa nguo ya kubana wiki kadhaa. Hatari zipo: damu kuganda, mafuta kuingia kwenye mishipa. Langu mimi ni ngozi iliyolegea zaidi, na hiyo hainyonywi, inakatwa. Kwa sasa nimeghairi. Na mlioniambia nipake tangawizi nijifunge nailoni, jamani, daktari alicheka mpaka akavua miwani.