Naombeni ushauri: drili ya upepo ya kutobolea bati la ndege, nichukue ipi?

Kizota_Angani:
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, najenga ndege ndogo ya viti viwili kwa michoro ya CH 701, ile aliyoibuni Chris Heintz, haihitaji uwanja mrefu kuruka. Bati ni aluminiamu 6061-T6, ribiti (vile vipini vya kuunganishia bati) ni za kuvuta. Mashimo ni maelfu na drili yangu ya umeme imeungua, hii wiki ya pili nimekwama hata usingizi sipati. Nimeona drili mbili za upepo, zote mtumba. Moja ndogo, mdomo 6mm, mizunguko 3,000 kwa dakika. Nyingine kubwa, mdomo 13mm, mizunguko 800, inazunguka mbele na nyuma, bei yake nusu ya ile. Ipi inafaa? Nikikosea shimo nimekosea ndege.

Zabibu_Kavu:
Mdogo wangu una kiwanja? Shemeji anajua? Watu huku Nkuhungu wanahangaika na tofali wewe unahangaika na mbawa. Jenga kwanza, hata vyumba viwili, angani utaenda baadae.

Fundi_Manyoni:
Chukua kubwa kijana. Mimi nimetobolea chesisi za malori miaka na miaka, kubwa haichoki. Ila oili matone mawili kila asubuhi kabla ya kazi, na maji ya kwenye mtungi wa kompresa, ile mashine ya kujaza upepo, yamwage kila jioni. Kuna kijana wangu alisahau ile koki ya chini wiki nzima, drili ikatema maji ya kutu kwenye bodi tuliyotoka kuipaka rangi, nikapaka upya kwa hela yangu na mteja kasimama pale pale ananiangalia. Sijasahau mpaka leo.

Tobo_Dogo:
Mleta mada, kabla ya drili, kompresa yako lita ngapi?

Kizota_Angani:
Kompresa ipo mkuu, haina shida. Mimi naulizia drili tu.

Tobo_Dogo:
Lita ngapi?

Kizota_Angani:
Lita 24. Na niseme ukweli, ile kubwa nimeshaiwekea kishika uchumba elfu arobaini tangu Jumamosi. Lakini sioni kama nimekosea, ina nguvu, na kazi ya ndege ikiisha nitatengenezea mageti. Halafu mizunguko midogo si ndo salama zaidi?

Tobo_Dogo:
Hapana kaka. Mizunguko midogo ni ya chuma kigumu na biti nene. Bati jembamba la aluminiamu linataka spidi na mkono mwepesi, biti ikate yenyewe usiisukume. Lile dude zito ukilishika kwa mkono mmoja linavuta upande, biti inatembea, shimo linakuwa yai, na ribiti ndani ya yai haikazi, itacheza kila injini ikitetemeka mpaka bati lipasuke.
Kuhusu upepo, mtungi wa lita 24 ukishuka toka bar 8 mpaka bar 6 umetoa hewa lita 48 tu. Drili ndogo ikila lita 110 kwa dakika, ukiibana bila kuachia hata nusu dakika hufiki. Ila shimo la ribiti ni sekunde moja mbili, unatoboa unaachia, mota inajaza, utafanya kazi kwa kupumzika pumzika. Kubwa itakunywa zaidi. Ukienda dukani bonyeza kitufe taratibu, inatakiwa ianze kuzunguka polepole kama unavyotaka wewe, ikiruka ghafla iache hapo hapo.

Kongwa_Original:
Jamani hii chai na nyie mnaweka sukari. Ndege Kizota? Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiko wapi? Injini je? Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, jua la saa nane hewa nyepesi, utaruka na nini? Weka picha au uzi ufungwe.

Zabibu_Kavu:
Nami nilianza kushtuka. Picha.

Kizota_Angani:
Sina sababu ya kuwadanganya. Injini bado, nataka Rotax 912, na kuhusu kibali nimeshaanza kuulizia. Picha hiyo, ni usukani wa mkia, kile kibao cha nyuma cha kugeuzia ndege, nimeulaza kitandani kwa sababu nje upepo unaleta vumbi. Zile pini za rangi ya shaba kwenye mashimo ni kleko, zinabana bati lisihame.

Kongwa_Original:
Duh. Basi samahani mkuu, nimekosa.

Tobo_Dogo:
Nimeikuza picha. Mstari wa chini, karibu na bawaba, yale mashimo umetoboa na nini? Moja limekuwa kama namba 8.

Kizota_Angani:
Drili ile ile kubwa. Muuzaji aliniruhusu niijaribu siku moja. Mashimo 11. Nilitegemea ribiti itafunika.

Tobo_Dogo:
Ribiti haifuniki kaka, ndo kitu nilichokuwa naogopa tangu mwanzo. Pima moja moja. Lililotanuka kidogo litanue kwa biti namba 20 (kama 4.1mm), uweke ribiti ya 4mm badala ya 3.2, lakini kutoka katikati ya shimo mpaka ukingo wa bati iwepo 8mm au zaidi. Lisilotimiza hapo hicho kipande kitupe, usikionee huruma. Na uandike yote kwenye daftari la ujenzi.

Fundi_Manyoni:
Mimi nilikuwa naongelea malori. Sikiliza huyu.

Kizota_Angani:
Nimepima usiku huu kwa kalipa na tochi. Manane yanatosha. Matatu yamebaki na 6mm mpaka ukingoni, kwa hiyo ubavu mmoja nakata upya. Muuzaji kasema advansi hairudi ila anaihamishia kwenye ile ndogo, nimwongezee iliyobaki. Kesho saa mbili niko dukani kwake, na kompresa nabeba kwa bajaji.