Akina mama 15 kuangalia ndege Naivasha: tujipange vipi?

MamaLeso: Habari dada zangu. Tuko wanawake 15, wengi hawajawahi kushika darubini. Tunataka kuanza na Ziwa Naivasha, mwezi unaofuata Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Darubini tunazo 4 tu. Tuondoke Nairobi saa ngapi, tugawane vipi, na viboko je? Choo nacho, msicheke.

Furukombe: Saa kumi na moja alfajiri muwe barabarani, saa moja mko ziwani. Kuanzia saa nne hivi hewa juu ya maji hucheza kwa joto, hata darubini ya bei huonyesha ukungu. Mkiwa ufuko wa kusini, Moi South Lake Road, asubuhi angalieni kaskazini magharibi, jua libaki mgongoni. Mkilielekea, kila ndege ni kivuli cheusi. Hamtamtofautisha mnandi, mwenye ncha ya mdomo iliyopinda, na mbizi, ambaye mdomo wake umenyooka kama sindano.

Viboko hula majani nchi kavu usiku, na alfajiri wengine bado wako nje. Msisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Akishtuka hukimbilia majini, na wewe uko njiani. Chukueni mwongozaji wa palepale.

Darubini_8x42: 15 kwa mpigo ni wengi mno, ndege wa kwenye mafunjo watahama kabla wa nyuma hawajafika. Gawanyikeni makundi mawili, darubini mbili kila kundi.

Ukubwa wa 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) unawafaa. 10x42 hukuza zaidi, ila hukuza na mtetemo wa mkono. Kurekebisha: ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha ziba ya kushoto na, bila kugusa gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Wanaogawana hukwama hapa: macho hayafanani, ukitumia pete ya mwenzako jicho moja linaona ukungu na kichwa kinauma. Kila mtu akariri alama yake kwenye pete. Wenye miwani wasiivue, wakunje tu vikombe vya mpira vilivyo kwenye vioo vya macho.

Na "yule pale!" haisaidii mtu. Anza na shina: "mgunga mkavu, tawi la pili kushoto, karibu na ncha." Kunyoosha mkono huwafukuza ndege.

Kwarara: Mbuga ya Nairobi haruhusiwi mtu kushuka garini ila sehemu zilizotengwa, kama Hippo Pools. Kwenye matatu ya watu 14 upande mmoja unaona, mwingine unaona migongo. Kodini gari la paa linalofunguka, au kabla ya hapo jiungeni na matembezi ya kuangalia ndege ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi, ya Jumatano asubuhi, yaliyoanza 1971.

Choo: tumieni cha getini kabla ya kuingia. Naivasha, lipeni kiingilio cha siku kwenye kambi ya ziwani, vyoo vimo. Leso kila mtu abebe. Nguo nyeupe ziacheni nyumbani, na viatu viwe vya kufunika, nyasi zina umande.

MamaLeso: Asanteni. Na kumwita ndege kwa sauti ya simu?

Furukombe: Hapana, dada. Dume hudhani mpinzani kaingia, anaacha kula au kulinda kiota aje kugombana na simu. Simu itumieni kuandika orodha ya Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya: angalieni kwa muda usiopungua saa mbili, na kila aina iandikwe kwa mfuatano mlivyoiona.