Nyama ya ng'ombe ngumu, mchuzi mwepesi: nirekebishe wapi?

Uyole_Jikoni

Wakuu, salaam. Nataka ule mchuzi mzito wa nyama wa kulia ugali siku ya baridi, nyama ukiigusa na kijiko inaachia. Ninachopata ni kingine kabisa. Kilo 1 ya steki, vitunguu 2, nyanya 5, viazi 4, maji lita moja na nusu, vyote naviweka sufuriani pamoja. Jiko la mkaa, moto mkali, saa moja na nusu. Nyama inatoka kavu na inavutika kama mpira, mchuzi mwepesi na mchachu, viazi vina kiini kigumu. Nipo Mbeya. Nianze kurekebisha wapi?

Muundi_na_Uboho

Anza buchani, ndugu yangu. Steki haina cha kuyeyuka. Ni nyuzi tupu, na nyuzi za nyama kadiri zinavyopata moto ndivyo zinavyojikamua maji. Omba muundi, ile nyama ya mguu chini ya goti, au kidari, au mkia. Ukiukata muundi kwa upana utaona mistari myeupe inang'aa katikati ya nyama. Hizo ni kano, na watu huzikimbia bure. Zikikaa kwenye moto mdogo kwa muda mrefu zinageuka ute unaolainisha nyama na kuufanya mchuzi unate kwenye midomo. Chukua gramu 800 za muundi na mfupa mmoja wenye uboho.

Kisha moto. Mchuzi ukishachemka mara ya kwanza, punguza mpaka uone viputo viwili vitatu vinapanda, vinapasuka, panatulia. Uache hivyo saa mbili na nusu hadi tatu. Hapo kwenye saa moja na nusu unapoepua wewe ndipo pabaya: kano zimeshajikunja ila hazijalegea. Mtu anadhani nyama imekataa kuiva, kumbe ilikuwa inaelekea.

Kaango_la_Chuma

Naongezea mwanzo wa mapishi, maana ladha inatengenezwa pale.

Kata vipande vya sentimita 4, vikiwa vidogo vitasambaratika kwenye mchuzi. Vifute maji kwa kitambaa safi, nyunyiza chumvi kijiko 1 cha chai. Pasha mafuta vijiko 3 vya chakula, kaanga nyama kwa mafungu matatu, kila fungu dakika 6 hivi, usiikorogekoroge. Isikilize sufuria. Nyama inayokaangika ina mlio mkali, mkavu. Mlio ukishuka ukawa wa kutokota, umejaza mno: nyama imetoa maji na inachemka ndani yake, haitapata rangi tena mpaka maji yale yakauke.

Toa nyama, punguza moto, weka vitunguu maji 3 vilivyokatwa vyembamba na chumvi kidogo. Dakika 15, mpaka viwe vya kahawia. Hapa watu hukosa subira, wakaishia na mchuzi mweupe. Weka kitunguu saumu punje 6 na tangawizi ya kidole gumba, vyote vimetwangwa, halafu binzari nyembamba kijiko 1 cha chai, giligilani kijiko 1, pilipili manga nusu kijiko. Geuza kwa nusu dakika tu, binzari ikiungua inakuwa chungu na hakuna cha kuiponya.

Nyanya 3 zinatosha, ziparuze. Tatizo la uchachu wako ni kwamba nyanya zilichemshwa, hazikukaangwa. Zikaange na kijiko 1 cha nyanya ya kopo mpaka rangi igeuke kuwa nyekundu iliyokolea na mafuta yajitenge pembeni. Rudisha nyama na maji yake yote, tia mfupa, mimina maji ya moto mpaka yafike usawa wa nyama, yasiizamishe. Ni kama vikombe 3. Kwangua ule ukoko wa chini kwa mwiko, ndio utamu wenyewe. Chumvi iliyobaki weka mwishoni, mchuzi unapungua na chumvi inakolea.

Nyanda_za_Juu

Hakuna aliyegusia Mbeya. Mji uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Ongeza nusu saa kwenye muda wowote ulioandikwa na mtu wa Pwani. Kuchochea moto hakusaidii, maji yaliyokwisha kuchemka hayapandi joto, yanakauka tu. Ukiwa na sufuria ya presha, dakika 45 zinatosha kwa muundi.

Kwa jiko la mkaa: subiri mkaa ushike wote na uvae majivu meupe, toa karibu nusu, funga kidirisha cha chini ubakize upenyo wa kidole. Kila dakika 40 ongeza vipande vitatu vinne pembeni, si katikati. Na kwa kuwa ni saa tatu, jiko likae nje au penye hewa ya kupita. Baridi isikufanye uliingize chumba kilichofungwa, moshi usioonekana wa mkaa unaua.

Viazi viingie dakika 40 za mwisho, nyama ikiwa imeshalainika. Uchachu wa nyanya huvifanya vichelewe kulainika. Mchuzi ukiwa bado mwepesi, ponda vipande viwili vya kiazi humo humo na uache mfuniko wazi dakika 15. Unga wa ngano usiweke, unafunika ladha.

Uyole_Jikoni

Asanteni sana. Je, papai bichi litafupisha muda? Na nikitaka nazi, inaingia lini?

Muundi_na_Uboho

Papai linafaa steki ya kukaanga au mishikaki. Kijiko 1 cha papai lililoparuzwa kwa kilo, nusu saa, basi. Kwa mapishi ya saa tatu linaigeuza nyama kuwa uji kwa nje. Achana nalo.

Tui_la_Pwani

Nazi moja, kamua mara mbili. Tui jepesi litumie badala ya sehemu ya maji tangu mwanzo. Tui zito liingie dakika 10 za mwisho, mfuniko wazi, unakoroga taratibu kwa upawa kuelekea upande mmoja. Moto ukizidi tui linakatika, utaona mafuta juu na chembechembe nyeupe chini. Nazi ikiingia punguza nyanya ziwe 2.

Ukibakiza cha kesho, usiache sufuria jikoni usiku kucha. Mimina kwenye bakuli pana lipoe haraka, liingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asubuhi ondoa mafuta yaliyoganda juu kwa kijiko. Kama umepika bila nazi, tikisa bakuli: mchuzi uliopata muda wake utatetemeka kama jeli. Ukimwagika kama maji, kano hazikuyeyuka, urudishe motoni saa moja zaidi.